Kadi moja ya kamera ilivyoniumbua Mzenga

KAMA kuna siku nimewahi kutamani ardhi ipasuke nijitose humo, ni ile jioni ya Jumamosi pale Mzenga, wilayani Kisarawe. Nimesimama uwanjani kwa bibi yangu, kamera inaning'inia shingoni, ndugu kama ishirini wamenizunguka wanataka kuona sura zao, na kioo cha kamera kimeandika Kiingereza kifupi chenye maana moja tu: kadi haisomeki.

"Vipi, mbona hutuonyeshi?" akauliza shangazi.

"Betri, shangazi. Betri imeisha," nikajibu. Uongo mtupu. Betri ilikuwa bado.

Wapenzi wasomaji, chekeni taratibu. Yaliyonikuta mimi yanaweza kumkuta yeyote kati yenu anayetamba na kamera ya kuazima kwenye harusi, sendofu na kicheni pati hapa mjini. Tena mimi nilikuwa najiona mjanja kweli kweli.

Basi bwana, mambo yalianza hivi. Binti wa mama yangu mdogo alikuwa anatolewa nje. Kwa wasiojua mila za Wazaramo, mwali akishamaliza siku zake za kukaa ndani na kufundwa na somo wake, siku ya kutoka ni shughuli nzito. Ngoma zinalia, mwali anabebwa mabegani, watu wanatuza, wali unalika. Ya kule ndani siyasemi, na wala sikuyaona, mimi ni mwanamume. Lakini ya uwanjani kila mtu anayaona, na mama mdogo alitaka yapigwe picha zote.

Kazi hiyo nikapewa mimi. Kwa ndugu zangu wa Mzenga, mtu akiandika gazetini basi na picha anajua kupiga, na redio anajua kutengeneza, na barua ya mahakamani atakuandikia. Sikuwa na kamera. Nikamfuata mshikaji wangu mmoja wa Gongo la Mboto ambaye ndiyo kazi yake, anapiga harusi na kipaimara. Akanipa kamera yake ya mtumba, ile kubwa yenye lenzi ya kubadilisha, pamoja na kadi moja ya gibi 32. Jina la kampuni iliyotengeneza kamera nalihifadhi, nisije nikaonekana nimepewa chochote. Akanionya: "Jumamosi ya wiki inayofuata nina harusi. Ikirudi na mkwaruzo, urafiki umekwisha."

Nikapanda basi mpaka Mlandizi, pale nikachukua bodaboda, vumbi nikalila mpaka nikawa mwekundu kama tofali. Mzenga kwenyewe wengi wanapajua kwa stesheni ya TAZARA. Ukishapita hapo ni miembe, mikorosho na nyumba za udongo zilizotulia. Bibi yangu anakaa karibu karibu na reli.

Bibi aliponiona tu akaanza utani wake. "Karibu mume wangu! Leo umekuja na mashine ya kunipiga picha, nikusubiri nijipake wanja?"

"Shikamoo bibi. Jipake na hina kabisa, leo unang'aa."

Ukutani kwa bibi kuna picha moja tu. Ni ya marehemu babu, nyeusi na nyeupe, amevaa kaptula, amesimama na vijana wenzake kwenye tuta la reli enzi za ujenzi. Reli ile ya Uhuru, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, ilijengwa na Wachina na vijana wetu kuanzia mwaka 1970 hadi 1975. Babu alikuwa mmoja wa waliobeba kokoto. Mende wameshaila kona moja ya hiyo picha, lakini babu mwenyewe yupo, anakutazama. Nusu karne! Iwekeni akilini hiyo picha, tutairudia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Bibi ana kaka yake aliyekuwa akiishi Vikumburu, huko huko Kisarawe. Hawa wawili walikuwa hawasemeshani kwa miaka kumi na moja. Sababu ni mikorosho. Baba yao alikufa akaacha shamba, kila mmoja akasema mikorosho ya upande wa mtoni ni yake, wakafikishana mpaka kwa mtendaji, na tangu hapo salamu ikafa. Kwenye msiba hukai nao mkeka mmoja. Sisi wajukuu tulikua tukijua kwamba Babu wa Vikumburu yupo, lakini jina lake kwa bibi halitajwi.

Siku ya mwali akaja. Nani alimwita, mpaka leo hajasema mtu. Alikuja saa tisa alasiri, na mkongojo, kanzu imepigwa pasi, akakaa pembeni chini ya mwembe kama mgeni asiye na mwenyeji. Ngoma ikaendelea. Mwali akatoka, akabebwa, noti zikabandikwa, mimi nikapiga picha mpaka kidole kikauma. Hesabu ya kamera ilifika 260 na ushee.

Jua lilipokuwa linazama nikamwona bibi ameinuka na sahani ya wali. Akavuka uwanja wote. Watu wakanyamaza mmoja mmoja kama taa zinavyozimwa. Akamwekea kaka yake sahani, akakaa naye mkekani, yule mzee akaushika mkono wa dada yake akauweka kwenye goti lake, hakusema neno. Nikapiga picha moja. Moja tu, maana sikutaka kuwasumbua.

Na hapo hapo ndipo nilipofanya ujinga.

Vijana wenzangu wa pale walikuwa wananivuta mkono. "Kaka, twende fasta, jamaa anafunga!" Jamaa mwenyewe ni kijana mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu, ana kompyuta inayotumia umeme wa sola, na kiza kikiingia anafunga. Walitaka picha zihamishiwe kwenye simu zao usiku ule ule, zisambae kabla ya pilau kupoa. Na mimi nikataka sifa. Kwa hiyo kidole kilipotoka tu kwenye kitufe cha kupigia, kingine kikafungua mfuniko wa chini, pale ambapo kwenye kamera hii betri na kadi vinakaa chumba kimoja, nikaichomoa kadi. Taa ndogo nyekundu ya kamera ilikuwa bado inawaka.

Ile taa, ndugu zangu, si pambo. Ikiwaka maana yake kamera bado inaandika. Picha ukishaipiga haimwagiki kwenye kadi papo hapo, inakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya ndani ya kamera, halafu inateremshwa kidogo kidogo. Ukifungua mfuniko, kamera nyingi zinajikatia umeme zenyewe. Ni sawa na kumnyang'anya karani kalamu akiwa katikati ya sentensi. Na kibaya zaidi, sentensi yenyewe inaweza kuwa si ya picha bali ya orodha ya picha zote.

Tukafika kibandani tukihema. Kijana akaichomeka kadi, kompyuta ikafikiri, ikafikiri tena, kisha ikaleta kisanduku: diski hii lazima ifomatiwe kabla haijatumika, je, unataka kuifomati? Yule kijana hakuwaza, mshale ukaelekea kwenye "ndiyo". Nikapiga ukelele, na kwa papara nikaing'oa kadi, tena si kwa kuivuta moja kwa moja, niliivuta upande upande kama mtu anayeng'oa jino la mtoto. Nikasikia "ka!"

Ile "ka" sikuitilia maanani. Nikakimbilia kwa bibi, nikairudisha kadi kwenye kamera ili nione kama picha bado zipo. Ikaingia kwa shida, nikaisukuma kwa dole gumba. Ndipo yale maandishi yakatokea, shangazi akauliza swali lake, na mimi nikasingizia betri.

Usiku huo sikulala. Nilifanya yote ambayo watu hufanya: nimeizima kamera nimeiwasha, nimetoa betri nimerudisha, nimeichomoa kadi nikaipuliza kwa mdomo mpaka mate yakaingia. (Msipulize. Mate na umeme havijawahi kuelewana.) Kamera ikawa inarudia wimbo ule ule.

Asubuhi nikatoroka Mzenga mapema nisije nikaulizwa tena. Nikampelekea mshikaji wangu kamera yake Gongo la Mboto huku nikijifanya mtulivu. Akachukua kadi nyingine kabisa, mpya, akaichomeka. Kamera ikaikataa! Akachukua ya tatu. Ikaikataa. Hapo nikajua nina kesi mbili badala ya moja: kadi imekufa na picha za watu, na sasa kamera nayo haitaki kadi yoyote ile. Yule bwana hakunitukana. Alikaa kwenye ngazi akanyamaza, ambalo ni jambo baya zaidi.

Jumatano mchana simu ikalia. Ni mama mdogo. Babu wa Vikumburu amefariki. Aliamka salama, akalalamika kifua kinabana, adhuhuri hakuiona.

Nikaenda kuzika. Baada ya maziko bibi akanivuta nyuma ya nyumba. Hakuwa analia. Akanishika mkono kwa namna ile ile niliyoiona mkekani.

"Mume wangu," akaniambia, "ile picha yetu ipo?"

"Ipo, bibi."

Huo ukawa uongo wa pili, na huu sikuweza kuubeba. Kesho yake nilikuwa Kariakoo.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja aliye ghorofani, chumba chembamba kama korido, meza imejaa kamera zilizopasuliwa. Hakutaka jina lake litajwe, anasema akitajwa gazetini watu wa kodi watapanda ngazi. Nikamwambia, "Fundi, nimeua kamera ya watu." Akasema, "Kamera hazifi hovyo. Tuione."

Kitu cha kwanza alichofanya kilinishangaza. Hakugusa kadi. Alichukua tochi akamulika ndani ya tundu la kadi, akanyanyua miwani, akacheka.

"Njoo uone ganda lako."

Nikachungulia. Kule ndani kulikuwa na kipande cha plastiki chembamba kama uzi wa mswaki, kimelala juu ya vijipini vya shaba. Akanielezea. Hizi kadi za SD, zilizotangazwa mwaka 1999 na kampuni tatu, Panasonic, SanDisk na Toshiba, zina upana wa milimita 24, urefu 32 na unene 2.1. Ukiigeuza nyuma utaona vibati vya dhahabu vimepangwa, na katikati ya kibati na kibati kuna kuta nyembamba za plastiki. Kuta hizo ndizo zinazovunjika mtu akiivuta kadi upande upande. Hiyo ndiyo ile "ka!" niliyoisikia. Kisha mimi, kwa ujuaji wangu, nikakiingiza kipande chenyewe ndani ya kamera na kukishindilia kwa dole gumba. Kikakaa kati ya pini na kadi, na tangu hapo kadi yoyote inayoingia haigusani na pini zake. Kamera inaona giza, inasema hakuna kadi au kadi mbovu. Mtu asiyejua atanunua kadi kumi.

Akachukua kibano chembamba kama kile dada zetu wanachonyolea nyusi, betri akaitoa kwanza, akakikamata kile kipande, akakivuta. Pini moja ilikuwa imelala kidogo, akainyanyua kwa sindano, taratibu, huku ameziba pumzi. Akapangusa kwa pamba yenye spiriti, akasubiri ikauke, akachomeka kadi yake mwenyewe. Kamera ikawaka, ikasoma, ikapiga picha ya uso wangu ulivyokuwa umetoa macho. Dakika ishirini! Mimi nilishaanza kupiga hesabu ya kuuza godoro.

Aliniambia kwamba kwenye zile kamera kubwa za zamani zilizotumia kadi za CompactFlash, zenye matundu 50, balaa lilikuwa ni hilo hilo lakini kubwa zaidi, maana pini 50 nyembamba zilikaa ndani ya kamera, na ukiingiza kadi kwa kuilazimisha zinapinda kama misumari ya mabanda. Na kila kamera ina lugha yake ya kulalamika. Za Canon nyingi hukuletea "Err 02", hapo ujue ugomvi uko kwenye kadi. Za Nikon hukuandikia "CHA", na wajinga wa mjini wanadhani inadai chai.

Pia kuna lile kufuli dogo la ubavuni mwa kadi. Likichomoka na kupotea, na huwa linapotea, kamera inaweza kudhani kadi imefungwa, haitakubali kuandika. Dawa yake ni kipande kidogo cha selotepu pale palipokuwa na kufuli. Kamera inapapasa tu kama pamejaa au pako wazi, haijui kama ni kufuli au selotepu. Hili nimelijaribu mwenyewe na linafanya kazi.

Sasa ikabaki kadi. Fundi akaigeuza geuza, akasema ganda ndilo lililovunjika, vibati bado vizima. Kisha akanihoji kama polisi.

"Baada ya kuharibika ulipiga picha nyingine juu yake?"

"Hapana."

"Uliifomati?"

"Niliiwahi."

"Basi kaa, unywe soda."

Naomba hapa mnisikilize, maana mjini kila mtu ukimwambia kadi imegoma atakwambia "fomati tu". Kadi ina sehemu mbili. Kuna mzigo wenyewe, yaani picha, na kuna daftari linalosema picha fulani imeanzia hapa imeishia pale. Ukiichomoa kadi taa ikiwa inawaka, mara nyingi kinachochanika ni daftari. Kompyuta inafungua ukurasa wa kwanza, haielewi kitu, inasema kadi ni tupu, ifomatiwe. Kumbe mzigo wote uko ghalani! Mlinzi tu ndiye amepoteza karatasi. Fomati ya haraka haraka huwa inaandika daftari jipya tupu, na mara nyingi mzigo bado unabaki, ingawa zipo kamera zenye fomati nzito inayosafisha kila kitu. Kinachomaliza kabisa ni kuendelea kupiga picha nyingine. Picha mpya inakaa juu ya ya zamani, na hapo hata mganga wa Bagamoyo hakusaidii.

Fundi hakufanya kazi juu ya kadi yenyewe. Aliichomeka taratibu kwenye kadi rida, akachukua nakala ya kadi nzima, tupu na isiyo tupu, akaihifadhi kwenye kompyuta, kadi akaiweka pembeni. Juu ya ile nakala akaendesha programu iitwayo PhotoRec, ya bure kabisa, kazi ya Mfaransa mmoja aitwaye Christophe Grenier. Programu hii hailisomi daftari. Inapita kwenye mzigo mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama, kwa sababu kila picha ya JPEG inaanza kwa alama ile ile. Ikiiona, inasema hapa picha imeanza, inaivuta, inaendelea. Majina ya zamani hayarudi, kila picha inapewa namba kama mfungwa.

Tulikaa saa mbili na nusu. Zilipoanza kutokea nilisimama. Mwali huyo, yuko mabegani! Shangazi huyo, na kilemba kimekaa upande! Ngoma, sahani za wali, watoto wenye midomo ya mafuta, wote wakarudi mmoja mmoja.

Halafu zikaanza kutokea picha ambazo si zangu. Harusi ya watu nisiowajua. Kipaimara. Na baadaye mshikaji wangu wa Gongo la Mboto, fukweni, amekumbatiana na sista du mmoja matata, miwani ya jua, mapozi ya kutosha. Tatizo ni kwamba mchumba wake mimi namjua, na si huyo. Picha hizo alishazifuta siku nyingi, kadi akaifomati, akaniazima akiwa na amani moyoni. Fundi akanitazama, mimi nikatazama ukuta. Wale mnaouza simu na kadi zenu za mtumba pale Kariakoo, shauri yenu. Kwangu mimi jambo hilo lilinisaidia baadaye kwenye mazungumzo ya fidia, sitaki kusema zaidi.

Tukahesabu. Katika zile 260 na ushee, kumi hivi zilikuwa mbovu, nyingine zote nzima. Nikaanza kuitafuta moja tu. Nikashuka chini, chini, mpaka ya mwisho kabisa.

Ilikuwepo. Nusu.

Juu unamwona bibi na kilemba chake cha khanga, unamwona babu na kofia, mwembe nyuma yao, jua la jioni limewapiga shavuni. Kuanzia vifuani kushuka chini ni kijivu kitupu, kama mtu amepaka saruji. Picha ya JPEG huandikwa na kufunguliwa kutoka juu kwenda chini, na mimi niliichomoa kadi kamera ikiwa imefika katikati. Ile mikono miwili juu ya goti haikuwahi kufika kwenye kadi. Hakuna fundi duniani atakayerudisha kitu ambacho hakikuandikwa.

Nilikaa chini. Nikafikiria ile picha ya babu mjenzi wa reli, iliyoliwa na mende kona moja. Wenye studio za zamani hawakuwa wajinga. Pale Mji Mkongwe Zanzibar, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 imetunza picha za miongo na miongo. Filamu nayo ilikuwa na mikosi yake, ukifungua mgongo wa kamera mchana inaungua. Lakini iliungua mbele ya macho yako, hukuambiwa uifomati. Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa mwaka 1975 pale Kodak na kijana aitwaye Steven Sasson. Ilikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu na zaidi, ikachukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kanda ya kaseti. Sekunde 23! Mimi sikuwa na subira ya hata mbili.

Fundi aliniona nimenyong'onyea. Akasema, "Subiri, kuna mtoto wake."

Mtoto? Akafungua faili jingine, jina lake limeanza na herufi t. Akaeleza kwamba kamera ikiandika picha, pale mwanzoni kabisa, kabla ya picha kubwa, inabandika picha ndogo, kivuli chake, ambacho programu nyingi hukitumia kuonyesha picha haraka haraka. Hicho kipo kichwani mwa faili, kwa hiyo kilishaandikwa kabla sijaleta uchizi wangu. PhotoRec ikikikuta inakitoa kama faili la peke yake. Ukubwa wake ni nukta 160 kwa 120 tu, kama stempu ya barua.

Akakibofya. Kikatokea kidogo, chenye ukungu. Lakini kilikuwa kizima. Goti lilikuwepo. Mikono miwili ilikuwepo, unaiona kama doa jeusi lililokaa juu ya kanzu nyeupe, na kama ulikuwepo siku ile unajua ni nini.

Kadi ile fundi aliikata kwa mkasi mbele yangu, akisema kadi iliyowahi kukufanyia hivyo usiipe nafasi ya pili. Mshikaji wangu nikamnunulia nyingine, na hapo kuna kimbembe kingine, maana mjini feki ni nyingi, kadi imeandikwa gibi 64 kumbe ndani ina 8, ukizijaza hizo picha zinazofuata zinapotelea hewani wakati kamera inakuonyesha kila kitu ni shwari. Fundi akaijaribu kwa programu ya bure ya H2testw, ambayo inaijaza kadi mpaka pomoni kisha inasoma tena kila ilichoandika. Ya kwanza niliyonunua ilifeli, nikairudisha dukani kwa kelele. Ya pili ikapita. Harusi ya Jumamosi mshikaji alipiga kwa kamera yake mwenyewe.

Jumapili nikarudi Mzenga. Nilikuwa nimesafisha picha za mwali kwa wote, na mbili za bibi: ile nusu, kubwa, na ile ndogo, ambayo tuliikuza mpaka saizi ya pasipoti, zaidi ya hapo inageuka matofali.

Bibi ana mtoto wa jicho, jicho la kushoto haoni vizuri. Nikampa kubwa kwanza, nikamweleza ukweli wote, na ule uongo wa "ipo" nao nikautaja. Akaisogeza karibu na uso. Akapitisha kidole kwenye kile kijivu.

"Hapa ndipo mikono ilipokuwa," akasema.

"Ndiyo, bibi. Nisamehe."

Nikampa ndogo. Akaigeuza juani, akamwita mjukuu wa miaka saba aliyekuwa anacheza pale. "Njoo wewe wa macho. Hapa unaona nini?"

Mtoto akakodoa. "Bibi na babu wa Vikumburu. Wameshikana mikono."

Bibi akafungua pindo la khanga, pale anapofunga hela zake, akaiweka ile ndogo humo, akafunga fundo mara mbili. Kubwa akanirudishia.

"Hii wapelekee watoto wake Vikumburu," akasema. "Waambie kijivu hicho ni kwa sababu ya mume wangu wa mjini, ana haraka."